Kabla ya Kwenda Montreal, Pangeni Kurudi

Mdogo wangu wa Hamilton, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku, ya pili jikoni huku chai inachemka. Mko wanne: wewe, dada yako, binamu yenu wa kiume, na yule rafiki yenu wa Bukavu mliyekutana naye darasa la Kiingereza mlipofika nchi hii. Wote mnaipenda Maple Leafs, timu ya hoki ya Toronto, mpaka mnanuniana siku ikifungwa. Tiketi za Toronto zimewashinda bei, na mtu amewaambia njia nafuu ya kuiona timu ya Toronto ni kuifuata ugenini, Buffalo, ng'ambo ya mpaka. Mnataka kwenda mwezi wa kwanza. Unauliza: Dada, tuanzie wapi?

Anzieni kwenye kurudi.

Wengi wetu tukipanga safari ya mechi tunaanza na tiketi, tunaenda kwenye jezi, tunamalizia na nani atapiga picha. Kurudi tunasema tutajua hukohuko. Sasa hesabu nami. Mechi ya hoki ya barafuni kwa kawaida huanza saa moja usiku. Ina vipindi vitatu vya dakika 20, lakini saa inasimama kila filimbi inapolia, na katikati kuna mapumziko mawili marefu ya kulainisha barafu. Hapo saa mbili na nusu zimekwisha. Wakitoka sare wanaongezewa dakika tano, watatu kwa watatu, na wasipopatikana mshindi wanakwenda kwenye mikwaju. Ukija kutoka nje na umati wote ule ni saa nne usiku, mji si wako, baridi inauma masikio, na treni ya mwisho imeondoka zamani. Safari nyingi huharibikia hapo. Sijamsikia mtu anayejutia kiti alichokalia. Ninaowasikia wakijuta, wanajutia usiku baada ya mechi.

Mimi nilijifunza hilo Ottawa. Ilikuwa mwezi wa pili, nimekwenda peke yangu, na kila kitu nilikuwa nacho kwenye simu: tiketi, anwani ya dada aliyekuwa ananilaza, namba zake, ramani. Uwanja wa Ottawa hauko mjini. Uko Kanata, kama kilomita 25 magharibi mwa majengo ya Bunge, mahali ambapo ukitoka nje unaona maegesho ya magari na barabara kuu, basi. Nimefika kwenye foleni ya mlangoni, digrii 22 chini ya sifuri, natoa simu niionyeshe tiketi, simu ina moto wa theluthi moja, na papo hapo kioo kikawa cheusi. Baridi kali hulegeza betri. Simu inazimika ikiwa bado na chaji. Nilisogea pembeni, nikafungua koti, nikaichomeka kwapani chini ya kanga niliyojifunga ndani, nikasimama pale nikiipasha moto kama kifaranga. Iliwaka baada ya muda mrefu. Nilipoketi, kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha.

Na usiku, mechi ilipomalizika, ikazimika tena. Nyumba ninayokwenda siijui namba, namba ya mwenyeji sikuikariri. Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenye watoto wawili, amevaa jezi nyekundu ya Ottawa, timu niliyokwenda kuizomea. Alinikaribisha garini mwake nichaji simu, akasubiri mpaka nikapata usafiri. Tangu siku hiyo anwani ya ninapolala na namba mbili za simu naziandika kwenye karatasi, naziweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Tiketi za wanne hazikai kwenye simu moja. Kila mtu arushiwe yake kwenye simu yake mapema, akiwa bado nyumbani, na simu ikae karibu na mwili.

Sasa Buffalo. Kwa umbali ni karibu kweli, kama kilomita 160 kutoka Toronto, na nyinyi wa Hamilton ni karibu zaidi. Mashabiki wa Leafs huvuka kwa wingi hivi kwamba uwanja wa watu 19,000 unageuka buluu, mwenyeji anaimbiwa kwake na mgeni. Naelewa mnachokitamani. Lakini kwenye barua yako, chini kabisa, umeandika kwa haraka kwamba rafiki yenu bado ana pasi ya Kongo. Mdogo wangu, hilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza.

Kadi ya ukaazi wa kudumu wa Kanada haimvushi mtu kuingia Marekani. Mwenye pasi ya Kongo, Kenya, Tanzania, Burundi au Uganda anahitaji viza ya Marekani hata kama ameishi Ontario miaka kumi na analipa kodi kama kila mtu. Miadi ya viza inaweza kuchukua miezi, na masharti kwa nchi zetu yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo angalieni kwenye ofisi husika yenyewe, msitegemee aliyekwenda mwaka juzi. Na kurudi nako kuna hesabu yake: ukirudi Kanada kwa basi, treni au ndege utatakiwa uonyeshe kadi yako ya ukaazi, iwe hai. Kama kuna msomaji mwingine ambaye kesi yake ya ukimbizi haijaamuliwa, huyo nampigia magoti: usivuke mpaka kwa ajili ya mechi kabla hujazungumza na wakili wako.

Unaweza kuniambia, basi twende watatu. Nendeni kama mnaweza. Mimi nisingeweza. Mmekaa naye sebuleni msimu mzima mkila muhogo wake na kugombania rimoti, halafu siku ya siku mnamwacha dirishani kwa sababu ya rangi ya kitabu chake? Badilisheni mji.

Nendeni Montreal. Hakuna mpaka, hakuna viza, na kwa shabiki wa Leafs hakuna ugenini mkubwa kuliko huo. Timu hizi mbili ni mahasimu tangu enzi za babu zao. Canadiens, timu ya Montreal, ilianzishwa mwaka 1909 na imebeba Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, mara 24. Toronto mara 13, ya mwisho mwaka 1967, na waliyemfunga kwenye fainali hiyo ni Montreal huyohuyo. Mkikaa kwenye uwanja ule mtasikia miaka yote hiyo kwenye koo za watu. Na angalieni kitu kingine: yule ambaye Buffalo ingemwacha, Montreal atawaongoza. Kifaransa anacho tangu shule ya msingi. Nyinyi watatu mtakuwa mnafuata nyuma mkisema bonjour na merci, yeye ndiye atakayeuliza njia, atakayesoma menyu, atakayezungumza na mhudumu wa uwanja. Montreal ina Wakongo wengi na Warundi wengi, na si ajabu ukasikia Kiswahili cha Bukavu kwenye treni ya chini ya ardhi.

Ratiba ya ligi hutoka wakati wa kiangazi, kabla msimu haujaanza. Kwa miaka mingi kila timu imekuwa na mechi 82, nusu nyumbani, nusu ugenini, na Toronto na Montreal wako kundi moja, kwa hiyo hukutana zaidi ya mara moja. Siku ratiba inapotoka, kaeni chini na kalenda za kazi zenu. Najua wengi wenu mko kwenye nyumba za wazee, hospitali na maghala, mahali ambapo zamu ya Jumamosi usiku haibadilishwi kwa meseji ya Ijumaa. Ombeni ruhusa Septemba. Msimamizi anayeombwa miezi minne kabla ana moyo tofauti na yule anayeombwa siku nne kabla. Na kama mna uhuru wa kuchagua, chagueni mechi ya katikati ya wiki. Leafs wakienda Montreal Jumamosi ni sikukuu, na bei zinapanda kama za nauli ya Krismasi kwenda bara.

Mkishapanga kurudi, kununua ni tiketi kwanza, halafu malazi ambayo mnaweza kuyafuta bila kukatwa, halafu usafiri. Nunueni kwenye njia rasmi ya timu au kwenye soko la kuuziana ambalo timu inalitambua. Walanguzi wapo huku kama walivyopo kwetu nje ya uwanja wa taifa, tofauti ni kwamba wa huku wanakutumia picha ya tiketi kwenye simu. Picha haiingii mlangoni. Tiketi nyingi siku hizi alama yake inajibadilisha yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo anayekuuzia picha anakuuzia karatasi. Tiketi ya kweli inahamishwa kutoka akaunti yake kuingia yako, unaiona kwako, ndipo unalala. Kitu kingine kinachowakamata wageni: baadhi ya masoko hayo huonyesha bei kwa dola za Marekani. Someni sarafu, someni na ada zinazoongezwa mwishoni kabla ya kubonyeza.

Kuhusu kiti, wengi wakisikia hoki wanataka kukaa kwenye kioo, karibu na wachezaji. Ni raha, kelele za viatu kwenye barafu na vishindo vya watu kugongwa ukutani hutavisahau. Lakini ukiwa chini kabisa huoni vizuri kinachotendeka upande wa pili. Kama ndiyo mara yenu ya kwanza, kaeni juu, kwenye kona au nyuma ya goli. Kutoka juu unaona jinsi wachezaji watano wanavyosogea pamoja, nani anafungua nafasi, nani amechelewa kurudi. Mchezo ambao kwenye televisheni ulikuwa ni kukimbiza kisahani cheusi unakuwa na sura. Timu hubadilishana magoli kila kipindi, kwa hiyo upande mmoja utawaona wenu wakishambulia mara mbili. Na popote mlipokaa, wakati mchezo unaendelea msiangalie simu. Kile kisahani ni cha mpira mgumu wa hadi gramu 170, na kikiruka kwenye viti kinaweza kuua. Mwaka 2002 binti wa miaka 13 alifariki baada ya kupigwa nacho Columbus, Ohio, na baada ya hapo ligi ikaagiza nyavu zitundikwe nyuma ya magoli katika viwanja vyote. Pembeni hakuna nyavu.

Pesa. Hapa nazungumza kama dada, si kama rafiki. Urafiki mwingi nimeuona ukifia kwenye safari ya kuchangishana. Chagueni mtu mmoja wa kushika hela, na asiwe yule mwenye maneno matamu. Awe yule anayerudisha chenji bila kuulizwa. Wekeni tarehe ya mwisho ya mchango, iwe kabla ya kununua tiketi, si baada. Na semeni mapema kabisa, mkiwa bado mnacheka: atakayejitoa baada ya tiketi kununuliwa atafute mtu wa kuchukua nafasi yake, au hela yake imekwenda. Ukilisema Septemba ni utaratibu, ukilisubirisha hadi Januari linakuwa ugomvi. Mwenye mtoto nyumbani Tanga anayesubiri ada ya shule, asione haya kusema safari hii simo. Kuna mechi mwakani.

Kutoka Toronto hadi Montreal ni kama kilomita 540. Kwa gari ni saa sita kama barabara ni safi, na mwezi wa kwanza barabara haikuahidi kitu. Mkiamua gari, lazima liwe na matairi ya baridi. Quebec imeyafanya ya lazima kwa magari yaliyosajiliwa kwake kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi; gari lenu la Ontario halibanwi na sheria hiyo, lakini mtapita kwenye barafu ileile. Na dereva awe na mwenzake wa kupokezana. Binamu yenu asije akawaambia ataendesha akitoka zamu ya usiku, halafu mechi, halafu arudi usiku uleule. Nimewazika watu kwa maneno hayo, na siongezi.

Mimi ningepanda treni. Ni saa tano hivi, unakaa, unakula chapati zako, unalala. Inachelewa mara nyingi, kwa sababu sehemu kubwa ya reli ni ya treni za mizigo na ya abiria hulazimika kusubiri, kwa hiyo msipange kuingia mjini saa mbili kabla ya mechi. Fikeni siku moja kabla, au pandeni treni ya asubuhi mapema. Uzuri wake ni kwamba stesheni kuu ya Montreal iko karibu na Bell Centre, uwanja wa Canadiens, kiasi kwamba mnaweza kutembea mpaka huko kwa njia za chini ya ardhi bila kuvaa kofia. Na kwa kuwa hakuna treni ya kuwarudisha baada ya mechi, usiku huo mnalala Montreal, mnaondoka kesho yake mchana. Huo usiku wa baada ya mechi ndio kila mtu anataka kuukata ili kuokoa hela. Msiukate. Kateni jezi mpya.

Theluji isichukuliwe kama hadithi. Desemba 2022 dhoruba iliipiga Buffalo, watu zaidi ya 40 wakafa katika eneo lile, wengine ndani ya magari yao. Mechi ya Buffalo na Tampa Bay ya tarehe 23 iliahirishwa, na waliokuwa wamepanga kuvuka kuja kuitazama walibaki walipo. Mechi ikiahirishwa tiketi kwa kawaida inahamia tarehe mpya, lakini likizo yako haihamii. Ndiyo maana nasema malazi ya kufutika. Na mkiambiwa na mamlaka msitoke, msitoke.

Kama mtalala kwa ndugu wa huyo rafiki yenu wa Bukavu, hapo mna bahati, ila mnakwenda ugeni, si hoteli. Waambieni mapema kwamba mtarudi saa tano usiku, na muulize kama inawafaa. Pengine kuna mtoto anayeamkia shule au baba anayeamka alfajiri kwenda kazini. Msiingie mikono mitupu. Mchele mzuri na majani ya chai ya kwetu yanatosha. Na baada ya mechi msipige vigelele kwenye ngazi za ghorofa za watu.

Uwanjani fikeni nusu saa kabla ya saa moja muwaone wakipasha misuli. Kwangu hapo ndipo mechi inapoanza: taa zote zinawaka, viti nusu vitupu, wachezaji wanazunguka wakipasiana, kipa yuko peke yake golini anakwaruza barafu yake kwa viatu, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mama anayefagia uwanja kabla wageni hawajaja. Mikoba mikubwa acheni mlikolala, viwanja vingi havipokei, na someni masharti ya uwanja siku moja kabla. Ndani si baridi ya nje lakini ni ubaridi wa barafu. Koti mtalishika mapajani usiku mzima, kwa hiyo vaeni nguo nyepesi nyingi badala ya moja nene. Kanga yangu haikosi, naitandika, najifunika miguu. Kuleni kabla, chakula cha ndani ni ghali. Mkitaka kuonja poutine, ile ya viazi vya kukaanga, jibini na mchuzi, mwenye kula halali aulize mchuzi ni wa nini. Mkitoka kwenda msalani, kurudi mtazuiwa kwenye ngazi mpaka filimbi ilie. Ni adabu ya mchezo, msigombane na mhudumu.

Jezi vaeni. Buluu yenu mtaiona imetapakaa hata kule, mashabiki wa Toronto ni wengi Montreal. Mtatupiwa maneno, jibuni kwa kucheka. Mkifunga goli shangilieni, mmelipia. Lakini msimsimamie mtoto wa watu usoni, na msimguse mtu wala bia yake. Timu yenu ikifungwa, na inaweza kufungwa, kaeni mpaka mwisho, mwambieni jirani mmecheza vizuri, tokeni pamoja wanne mkishikana mikono. Mahali pa kukutana mkipotezana mpange kabla ya kuingia, kitu kisichosogea, sanamu au mlango fulani, kwa sababu watu 21,000 wakitoka kwa pamoja simu hazishiki vizuri.

Uliniuliza pia, kwa aya moja fupi, kama watu watawaangalia. Watawaangalia. Viwanjani mle sisi ni wachache. Safari nyingi nimetoka nikiwa nimecheka na jirani ambaye simjui jina, ameniazima darubini yake. Mara moja, uwanja siutaji, mtu nyuma yangu alinirushia neno ambalo sitaliandika hapa. Sikugeuka kubishana naye. Nilitazama namba ya safu na kiti chake, nikainuka, nikamwendea mhudumu wa sehemu ile, nikamweleza kwa sauti ya kawaida. Walikuja wawili wakamwondoa. Nanyi fanyeni hivyo: namba ya kiti, mhudumu, na mmoja wenu asibaki peke yake. Halafu rudini mkae. Kiti ni chenu.

Asubuhi yake, kabla ya treni, nataka mfanye kitu kimoja kwa ajili yangu. Pandeni treni ya chini ya ardhi mpaka kituo cha Atwater. Pale kuna jengo lenye sinema; ndipo ulipokuwa uwanja wa zamani wa Montreal, Forum, ambao Canadiens waliuhama mwaka 1996. Jumamosi ya tarehe 18 Januari 1958 timu ya Boston ilikuja kucheza pale, na ndani yake alikuwamo kijana wa Fredericton, New Brunswick, jina lake Willie O'Ree. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi ile. Jicho lake la kulia lilikuwa karibu halioni kabisa, lilipigwa na kisahani miaka miwili hivi nyuma, na alilificha hilo kwa sababu wangejua wasingemruhusu kucheza. Mechi yake ya kwanza aliichezea ugenini, kwenye nyumba ya watu wengine, na Boston wakashinda 3–0. Boston waliistaafisha namba yake, 22, mwaka 2022, tarehe ileile ya 18 Januari, naye yu hai akiona. Simameni hapo dakika tano. Rafiki yenu wa Bukavu awasomee chochote kilichoandikwa pale kwa Kifaransa.

Ndugu wa nyumbani wakiwauliza mnafuata nini kwenye barafu ya wazungu, waambieni Nairobi kuna vijana wanaoicheza. Barafu yao ilikuwa ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ndogo kuliko uwanja halisi, na timu yao, Ice Lions, haikuwa na mtu wa kucheza naye. Mwaka 2018 waliletwa huku Kanada wakapata mechi yao ya kwanza ya kweli, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaja kuvaa jezi yao na kucheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya iliingia kwenye shirikisho la dunia la mchezo huu. Na hao nao walianzia ugenini.

Mimi hoki nilifundishwa na mzee mmoja niliyekuwa namhudumia, kwenye nyumba ya wazee ya kwanza niliyofanya kazi Toronto. Kila Jumamosi nilikuwa nikimgeuzia kiti kielekee televisheni, naye ananieleza: huyu ni nani, kwa nini wamempuliza filimbi, kwa nini kipa ametolewa. Toronto ilipobeba kombe mwaka 1967 alikuwa kijana, alikesha barabarani. Alikuwa akiuzungumzia uwanja wa Montreal kama mtu anayezungumzia Makka, lakini hakuwahi kufika. Kila mwaka alisema mwakani, mpaka miguu ikakataa. Nilipokwenda Montreal mara yangu ya kwanza nilirudi kazini Jumatatu nikakaa kitandani kwake, nikamsimulia goli kwa goli, na nyimbo, na baridi, na yule kipa anayekwaruza barafu. Alisikiliza amefumba macho nikadhani amelala. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, nilikaa upande gani. Nikamwambia juu, kwenye kona. Akasema, basi uliona vizuri.

Niandikie mkirudi. Kwenye treni ya kurudi kaeni upande wa kushoto; mkishapita Cobourg ziwa linakuja karibu kabisa na reli.